Kuvua trauti kwa nzi bandia: maswali ya wanaoanza

Maswali haya huulizwa na watu wa Nyeri, Nanyuki, Kinangop na Nairobi waliowahi kumwona mtu amesimama mtoni akipunga mshipi hewani, wakatamani kujaribu. Majibu yanahusu zaidi mito ya Mlima Kenya na Nyandarua, kwa sababu ndiyo ninayoijua. Nimekaa zaidi kwenye mambo mawili, kurusha mshipi na kuyasoma maji, maana hayo ndiyo yanayompa mtu samaki. Vifaa ni jambo dogo kuliko wauzaji wanavyotaka uamini.

## Uvuvi wa nzi bandia ni uvuvi gani?

Ni kumvua samaki kwa mfano wa mdudu uliofungwa kwa manyoya, sufu na uzi juu ya ndoana. Hakuna mnyoo wala chubwi. Ukivua kwa chambo cha kawaida, uzito wa chubwi ndio unaouvuta mshipi uende mbali. Nzi bandia hana uzito wa maana. Ukimrusha peke yake ataanguka miguuni pako. Kwa hiyo uzito umewekwa kwenye mshipi wenyewe. Mshipi ni mnene, umevikwa plastiki, na ndio unaorushwa. Nzi anaufuata tu.

Ni uvuvi wa kale. Mwandishi Mroma Aelian, aliyeishi karne ya 2 na ya 3, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyozungushia ndoana sufu nyekundu na kuifunga manyoya mawili ya jogoo ili kuwapata samaki waliokuwa wakila wadudu juu ya mto. Mafundi wa leo bado wanatumia manyoya ya jogoo.

## Trauti walifikaje Kenya?

Waliletwa. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven huko Scotland, na samaki wakapandwa katika mto Gura, Nyandarua. Trauti wa upinde wa mvua, ambao asili yao ni pande za Bahari ya Pasifiki, walifuata baadaye, na leo ndio utakaowapata kwenye mito mingi. Serikali ina kituo cha kuzalisha vifaranga vya trauti huko Kiganjo, karibu na mji wa Nyeri.

Wamedumu kwa sababu ya baridi. Trauti anastawi kwenye maji ya nyuzi 10 hadi 16 za Selsiasi hivi. Yakipita 20 anaanza kuteseka, na yakikaribia 25 anakufa. Anataka pia maji yanayokimbia, yenye oksijeni nyingi, na changarawe safi ya kutagia. Ndiyo maana utamkuta Gura, Chania, Mathioya, Thego, Sagana, Ragati, Burguret na Naro Moru, kule juu inakotoka msituni, wala hutamkuta mto uleule ukishafika tambarare. Msitu ukikatwa kingoni, jua linapasha maji na udongo unafunika changarawe. Anayependa uvuvi huu hawezi kunyamaza mti unapoangushwa kando ya mto.

## Ninunue fimbo gani?

Fimbo zina namba, na namba hiyo ni ya uzito wa mshipi unaoifaa. Namba 1 hadi 3 ni nyepesi sana, 4 na 5 ni za trauti wa kawaida, 8 na kuendelea ni za samaki wakubwa na bahari. Fimbo namba 5 huendana na mshipi namba 5. Usichanganye ukiwa bado unajifunza.

Maduka mengi yatakupa fimbo ya futi 9, namba 5, kwa sababu ndiyo inayofaa mahali pengi duniani. Mimi kwa mito yetu ningechukua futi 7 na nusu au 8, namba 4. Mito ya milimani ni myembamba, miti imeinama juu yake, na fimbo ndefu inakuwa mzigo. Kama utavua zaidi kwenye maziwa ya Mlima Kenya kama Alice au Rutundu, ambako kuna upepo na nafasi, basi ile ya futi 9 ndiyo yako.

Fimbo ya bei nafuu inatosha kuanzia. Mshipi wa bei nafuu hautoshi. Ukiwa na fedha kidogo, ziweke kwenye mshipi.

## Na rili, mshipi na uzi je?

Kwa trauti wetu, kazi kubwa ya rili, yaani kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi, ni kuuhifadhi tu, basi. Samaki wengi utawavuta kwa mkono. Chukua nyepesi isiyokwama.

Mshipi uwe wa kuelea, wenye herufi WF, yaani uzito wake uko mbele. Mwishoni mwake unafungwa uzi angavu wa nailoni, mnene upande wa mshipi na unaopungua kuelekea nzi. Urefu wa futi 7 na nusu hadi 9 unatosha. Ncha yake, ile sehemu nyembamba kabisa, huitwa tipeti, na hupimwa kwa namba zenye X. Namba ikipanda, uzi unakuwa mwembamba zaidi: 4X ni kama milimita 0.18 na 5X ni kama 0.15. Anza na 4X. Utapoteza nzi wachache zaidi, na trauti wa mto unaokimbia hapati muda wa kuukagua uzi wako.

Kitu kimoja ambacho wengi hukiona anasa na mimi nakiona lazima ni miwani inayokata mng'aro wa maji. Ukivaa, unaona mawe ya chini, unaona kivuli cha samaki, na jicho lako linakingwa na ndoana inayopita kando ya sikio.

## Nina hela kidogo sana. Naweza kuanza bila rili?

Ndiyo. Wajapani wana uvuvi wa milimani uitwao tenkara: fimbo ndefu inayokunjika, mara nyingi mita 3 na nusu hivi, uzi umefungwa moja kwa moja kwenye ncha, na nzi mwishoni. Basi. Kwa kijito cha msituni unachoweza kukivuka kwa hatua chache, njia hii inafaa kabisa. Inakufundisha pia kusogea karibu na samaki badala ya kutegemea nguvu ya mkono. Kwa ziwani haikufai.

## Nzi gani wa kuanza nao?

Wagawe makundi matatu. Wapo wa kuelea, wanaoiga mdudu mzima juu ya maji. Wapo nimfu, wanaozama na kuiga mdudu mchanga anayeishi chini ya mawe. Na wapo wa kuvutwa, wanaoiga kisamaki, kiluwiluwi au kitu chochote kinachokimbia.

Trauti hula sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji, kwa hiyo usijaze kisanduku chako nzi wa kuelea kwa sababu tu wanapendeza. Chukua Pheasant Tail na Hare's Ear kwa nimfu, namba 12 hadi 16. Kumbuka namba ya ndoana inavyopanda, ndoana inakuwa ndogo. Chukua Adams na Elk Hair Caddis kwa wa kuelea, na Woolly Bugger mweusi kwa ajili ya ziwani au siku maji yamechafuka kidogo. Wavuvi wa zamani wa Mlima Kenya watakutajia pia Kenya Bug, nzi mweusi wa hapahapa kwetu, na watakuwa wamekushauri vizuri.

Kabla hujaagiza nzi kutoka ng'ambo, ulizia Nairobi. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazofunga nzi kwa mikono na kuwasafirisha hadi Ulaya na Marekani. Mafundi, wengi wao wanawake, huketi na kishikizo kidogo kinachoibana ndoana, wakizungusha uzi, wakilaza unyoya, wakikaza, nzi baada ya nzi, wote sawasawa. Wako Waingereza wanaovua nyumbani kwao kwa nzi waliofungwa Kenya bila kujua. Nasi tununue kazi ya mafundi hao tukijua ni yao.

## Nitajifunzaje kurusha mshipi?

Kwenye nyasi, si mtoni. Uwanja wa shule ukiwa mtupu unafaa. Ondoa nzi, funga kipande cha sufu nyekundu mahali pake, na toa mshipi wa mita 6 hadi 8 mbele yako, umenyooka.

Shika fimbo kidole gumba kikiwa juu ya mpini. Elekeza ncha chini kwenye nyasi. Anza kuinua polepole mpaka mshipi wote unasogea, kisha ongeza kasi na usimame ghafla fimbo ikiwa imepita wima kidogo tu. Ukijiangalia kutoka ubavuni na kufikiria uso wa saa, mbele unasimama kwenye namba 10, nyuma unasimama kwenye namba 1. Kusimama huko ghafla ndiko kunakoirusha nguvu ya fimbo ndani ya mshipi.

Sasa subiri. Hapa ndipo wanaoanza wote wanapokosea: mshipi bado unajikunjua nyuma yao, wao wameshaanza kusukuma mbele. Geuza kichwa uutazame. Ukiona kitanzi kimefunguka na mshipi umekaribia kunyooka, peleka fimbo mbele, ongeza kasi, simama tena kwenye 10, kisha shusha ncha taratibu ukiufuata mshipi unavyotua. Ukisikia mlio kama wa kiboko cha mchunga ng'ombe, umewahi mno. Siku ukiwa na nzi halisi, mlio huo maana yake nzi amekatika.

Usitumie nguvu. Watu wenye misuli hupata shida kuliko watoto, kwa kuwa wanaamini mshipi unasukumwa. Kifundo cha mkono kisilegee nyuma, kwani kikilegea ncha ya fimbo inaanguka na mshipi unapiga majani. Dakika 15 kila jioni zina faida kuliko siku nzima ya Jumamosi, mkono ukishachoka unajifunza makosa.

Na usihangaike na umbali. Trauti wengi wa mito yetu huvuliwa wakiwa mita 5 hadi 10 kutoka kwa mvuvi.

## Kila nikirusha nanasa mtini. Nifanye nini?

Acha kurusha nyuma. Uko mrusho wa kubingirisha: unaburuta mshipi polepole juu ya maji mpaka fimbo iko wima na mshipi umening'inia kando yako, halafu unapiga mbele, nao unajiviringisha juu ya maji bila kupita nyuma yako kabisa. Huo lazima ujifunze majini, maana unahitaji maji yaushike mshipi, nyasi haziwezi.

Penye vichaka vya kubana kabisa, mshike nzi kwa nyuma ya upinde wa ndoana, vuta mpaka fimbo ipinde, lenga, achia. Angalia tu ncha ya ndoana isikuchome.

## Mtoni samaki wako wapi?

Swali hili lina thamani kuliko mengine yote hapa.

Trauti ana mahitaji matatu: chakula kimfikie, asichoke, na asionekane na ndege. Mkondo ndio unaomletea chakula, lakini mkondo huohuo unamchosha. Kwa hiyo anakaa kwenye maji ya polepole, ubavuni mwa maji ya kasi. Anachomoka, anachukua, anarudi. Ukiuona mto kwa jicho hilo, mto mzima unabadilika.

Chukua jiwe kubwa katikati ya mto. Nyuma yake maji yametulia, na pembeni mwake kuna mistari miwili ambapo maji tulivu yanakutana na ya kasi. Samaki yuko kwenye mistari hiyo. Wengi hawajui kwamba mbele ya jiwe pia pana sehemu ndogo ya maji yaliyotulia, na mara nyingi samaki mkubwa zaidi huwa hapo. Tazama povu linalosafiri: linapopita povu ndipo kinapopita chakula. Tazama ukingo uliochimbwa na maji chini ya mizizi. Tazama kichwa cha kidimbwi, pale maji meupe yanapomwagikia kwenye kina. Asubuhi na jioni samaki husogea hapo kula.

Trauti hutazama kule maji yanakotoka. Mjie kutoka nyuma, yaani wewe panda mto kuelekea juu. Nenda ukiwa umeinama, kivuli chako kisitangulie, na usiburute buti kwenye mawe kwa sababu mtikisiko unamfikia kabla yako. Anza na maji yaliyo karibu na miguu yako kabla hujarusha mbali. Wavuvi wengi huingia mtoni na kukanyaga mahali samaki alipokuwa.

Kabla ya kufunga nzi yeyote, inua jiwe moja kutoka kwenye maji ya magoti na uligeuze. Utaona wadudu bapa wenye mikia mitatu wakitambaa, na vijumba vidogo vya mchanga vilivyogandishwa, ndani yake mna buu. Hao ndio chakula cha samaki wa mto huo. Chagua nimfu mwenye ukubwa na rangi inayokaribiana nao, kisha rudisha jiwe lilivyokuwa.

## Nzi wangu anapita palepale lakini samaki hamchukui. Kwa nini?

Mara nyingi kwa sababu anaburutwa. Mdudu halisi husafiri kwa kasi ya maji yaliyombeba. Mshipi wako ukilala kwenye mkondo wa kasi, unamvuta nzi aliyeko kwenye maji ya polepole, naye anachora mstari juu ya maji. Trauti anaona. Dawa yake ni kuinua mshipi kwa ncha ya fimbo mara tu unapotua na kuulaza upande wa juu wa mto, ili nzi apate sekunde chache za kuelea huru. Au sogea karibu, inua fimbo, mshipi mwingi usiguse maji kabisa.

Kwa nimfu, tatizo huwa kina. Kama nimfu hagusi chini hata mara moja, yuko juu mno.

## Ameshika, halafu ameponyoka!

Kwa nzi wa kuelea, mwache afunge mdomo na kugeuka, ndipo uinue fimbo kwa utulivu. Kwa nimfu, inua mara moja mshipi unaposita au kusogea kando, hata kama unadhani ni jiwe. Akishashika, fimbo iwe juu, mshipi usilegee, na akitaka kukimbia mwache akimbie. Tipeti hukatika mikononi mwa wenye pupa.

## Nijue mafundo mangapi?

Mawili. Moja la kuunganisha tipeti, na moja la kufunga nzi. La nzi liko hivi: pitisha uzi kwenye tundu la ndoana, uzungushe mara tano kwenye uzi mrefu, rudisha ncha kwenye kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha ipitishe kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Lilowanishe kwa mate kabla ya kukaza, maana nailoni kavu hupata joto ikisuguana na inadhoofika. Kaza polepole, vuta ujaribu.

## Nahitaji leseni?

Ndiyo, uvuvi wa michezo una leseni yake, na ofisi za uvuvi ndiko pa kuulizia, pamoja na idadi na ukubwa wa samaki unaoruhusiwa. Ndani ya hifadhi ya taifa kuna pia kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Mto ukipita kwenye shamba la mtu, bisha hodi kwanza. Mzee wa shamba ukimsalimu vizuri atakuonyesha na kidimbwi ambacho usingekijua.

Ukiwa England au Wales, kila mwenye miaka 13 na zaidi anahitaji leseni ya fimbo, na juu yake ruhusa ya mwenye maji. Marekani leseni hutolewa na kila jimbo kwa sheria zake.

## Usalama ukoje?

Nyandarua na Mlima Kenya kuna nyati na tembo, na mto unafunika sauti zao kama unavyofunika yako. Usiende peke yako. Askari wa wanyamapori au mwenyeji anayejua njia ni wa lazima, si heshima tu.

Maji hupanda ghafla. Mvua inaweza kunyesha kule juu kwenye nyika ya mlima huku wewe umepigwa na jua. Maji yakianza kubadilika rangi na kubeba majani, toka, na utokee upande ulikoliacha gari. Usiingie zaidi ya magoti mpaka umeuzoea mto. Radi ikianza, laza fimbo chini uondoke. Fimbo za kaboni hupitisha umeme, na kwa sababu hiyohiyo usirushe mshipi chini ya nyaya za stima.

## Nende miezi gani?

Maji yakiwa safi. Januari hadi Machi mwanzoni, kabla ya masika, na tena kuanzia Juni mvua ndefu zikishaisha. Mto wa rangi ya chai ya maziwa haufai kitu. Lakini siku za mvua za kwanza, kumbikumbi wakitoka na kuanguka majini, samaki husahau uoga wote; uwe na nzi mkubwa wa kahawia wa kuelea.

## Lazima nimwachie samaki?

Sheria ikiruhusu, kula samaki mmoja uliyemvua mwenyewe si dhambi. Mimi huwaachia wengi, kwa sababu kijito cha mlimani si kikubwa na watu wawili wenye tamaa wanaweza kukimaliza.

Lakini kumwachia kuna namna yake. Bana kile kijino cha nyuma ya ncha ya ndoana kwa koleo kabla hujaanza kuvua. Lowanisha mikono kabla ya kumgusa, kwa kuwa mkono mkavu unambandua ute unaomkinga na maradhi. Mshike kwa wavu au kiganja kilicholegea, usimbane tumbo, usiingize vidole kwenye matamvua. Ndoana itoke angali majini. Kisha mwelekeze kichwa kule maji yanakotoka, umtegemeze mpaka aanze kujipigia mkia mwenyewe. Ukitaka picha, mpiga picha awe tayari kwanza, ndipo samaki ainuliwe, kwa muda usiozidi wewe kuzuia pumzi.

## Mimi niko Tanzania, au pwani. Kuna cha kuvua?

Kipo. Mito ya Mnyera na Ruhudji, inayoingia bonde la Kilombero, inajulikana na wavuvi wa nzi duniani kwa taigafishi wakubwa wenye meno yanayokata nailoni kama si kitu. Hapo ni fimbo namba 8 au 9, na waya mfupi mbele ya nzi. Nyanda za juu za kusini, kama Kitulo, zimewahi kupandwa trauti pia. Huko Watamu, pwani ya Kenya, wapo wanaomvua hata mbasi kwa nzi baharini. Ila hizo si kazi za kuanzia. Jifunze kurusha kwenye nyasi popote ulipo, halafu tafuta ziwa dogo lenye perege: perege huchukua nimfu mdogo anayezama polepole, na fimbo ileile namba 4 au 5 inatosha.